Sampuli Kabatini

Niliporudi kutoka Muheza, nilikokuwa nikimuuguza dada yangu kwa wiki tatu, niliikuta sampuli ya Wendy kabatini kwa mama mkwe wangu. Ni lile kabati la sebuleni lenye vioo, panapokaa vikombe vya wageni na picha ya marehemu baba mkwe. Chupa ilikuwa imesimama juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, na ndani yake kulikuwa na maua ya plastiki. Kifuniko kililazwa pembeni, kimefutwa mpaka kinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Alen. Pole na safari. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo, mama. Mama, hii chupa..."

"Umeiona!" Uso ulimchanua. "Imetoka China. Nzuri mno!"

Nilikaa kitini kabla sijakaribishwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nyumba ile tangu niolewe.

Naomba nieleze, maana hasira ikielezwa kwa kuanzia katikati huonekana wazimu. Sisi wanawake wa Mgwashi, huku milimani Usambara, tuna kikundi kinachoitwa Tuinuane. Tunapika jamu, hasa ya plamsi, yale matunda mekundu yanayopenda baridi yetu. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu, Bibi Efrazia, kwa sababu hakuna mtu aliyethubutu kugombea naye. Mpishi mkuu ni Zuhura, ambaye anajua jamu imeiva kwa kusikiliza tu namna inavyochemka. Katibu ni mimi, Evelina, kwa kuwa niliwahi kuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari na Kiingereza kinanitii kidogo.

Mwaka jana tulipika vizuri na tukafungasha vibaya. Tulitumia chupa za zamani zilizokwisha mayonezi, kila moja na kifuniko cha kubahatisha. Duka la Tanga lililotuagiza likazirudisha zote, nusu zikiwa na ukungu, na likasema halitaki tena mpaka tuwe na chupa mpya zinazofunga. Wakati huo plamsi zilikuwa zinaendelea kuiva. Zilianguka chini ya miti, zikaoza, nyuki na nzi wakafanya mkutano wa hadhara kila shamba, na harufu ile ikakaa kijijini mpaka mvua zilipoisafisha. Zuhura alilia mbele ya watu, na Zuhura si mtu wa kulia. Kwa hiyo mwaka huu tukakubaliana: kila mwanamke atoe mchango wake, tuagize chupa na vifuniko kiwandani, China kwenyewe, vifike kabla ya Desemba. Tukikosa tena, kikundi kimekufa. Hilo lilisemwa wazi kikaoni na hakuna aliyepinga.

Ndipo nikampata Wendy. Yeye ndiye msemaji wa kiwanda kwenye simu, na sidhani kama hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Nilikuwa napanda hadi uwanja wa kanisa, ambako mtandao unashika, nasimama karibu na mti wa mvinje na kumwandikia. Yeye hujibu upesi. "Ndiyo, mpendwa." "Hakuna shida, mpendwa." Mume wangu Abrahamu, katika miaka ishirini na sita ya ndoa, hajaniita mpendwa hata mara moja; Wendy aliniita mara tisa kwa siku. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye nikajifunza kwamba Wendy akisema hakuna shida, shida imeshapakiwa melini.

Nilimweleza kila kitu. Jamu yetu inamiminwa ya moto. Kifuniko kiwe na ule mpira wa ndani unaostahimili moto, ili jamu ikipoa kifuniko kijivute chini na kusema "ta!" Usiposikia ta, hujafunga, umefunika tu. Akasema atatuma sampuli kwanza, tuijaribu, tukiridhika ndipo watengeneze elfu sita. Jambo la busara. Nikamwachia Zuhura simu ya kikundi, nikamwambia, "Sampuli ikija, iangalieni vizuri," nikaenda kwa dada.

Na kweli waliiangalia vizuri.

Zuhura alinionyesha video siku ileile niliyorudi. Wanawake kumi na wanane, wamevaa sare, wamejipanga mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Wanaimba. Bibi Efrazia anatokea katikati ameishika chupa kwa mikono miwili, anainyanyua, anashukuru, anaomba baraka kwa wote walioitengeneza, na kwa wazazi wao, na kwa nchi yao. "Nzuri sana!" anasema akiitazama kamera. "Nzuri mno! Asanteni, asanteni, asanteni!" Vigelegele. Zuhura mwenyewe anasikika nyuma ya simu akipiga vya kwake.

"Ukaituma?" nikauliza.

"Wendy aliuliza kama sampuli iko sawa. Ningemjibu kwa maneno matupu?"

Chini ya video kulikuwa na jibu la Wendy: maua kumi, mikono miwili iliyokutanishwa, na maneno machache. Asante mwenyekiti. Tumeanza kutengeneza.

"Mliijaribu?"

Zuhura alinitazama kama niliyetukana. "Mama Alen, mtu akikuletea kitu, utakijaribu mbele ya macho yake?"

"Wendy yuko China! Macho gani?"

Nilijua jibu lake, maana hata mimi nimelelewa hukuhuku. Kwetu mtu akikuletea ndizi, unashukuru. Zikiwa zimeoza, unashukuru, unampa mbuzi akishaondoka mgeni. Hujawahi kumsikia Mshambaa wa rika la mama mkwe wangu akimwambia mgeni kwamba alicholeta hakifai. Afadhali afe na tumbo lake.

Nilikwenda kabatini, nikaomba ruhusa, nikatoa maua ya plastiki. Plamsi hazikuwa msimu, lakini forosadi zilikuwa zimeiva uani kwa Zuhura, basi tukapika sufuria moja ndogo. Tukamimina jamu ya moto, tukafunga, tukasubiri. Tulisubiri mpaka jamu ikapoa kabisa. Kifuniko hakikusema chochote. Nilipoigeuza chupa chini juu, jamu nyeusi ikaanza kutambaa pembeni, taratibu, bila aibu. Ule mpira wa ndani ulikuwa umelegea kwa moto. Kilikuwa kifuniko cha kufunikia karanga.

Nikapanda hadi kwenye mvinje kwa mwendo ambao mwanamke wa umri wangu hapaswi kwenda.

"Wendy, simamisha. Kifuniko kinavuja. Tulisema cha moto."

"Mpendwa, hakuna shida. Mzigo uko melini tangu jana."

"Sikukubali sampuli!"

Akanirudishia video. Yetu wenyewe. Mama mkwe wangu akinyanyua chupa. "Mwenyekiti amekubali kwa furaha sana," akaandika. "Ofisi nzima tumetazama. Bosi amependa wimbo."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nilimwambia kwamba ile ilikuwa shukrani tu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, shukrani kwa kitu kisichofaa ni ya nini. Nilikaa juu ya jiwe. Kondoo wa kanisa walinitazama.

Kisha wakaingia kwenye sikukuu ya taifa lao. Wiki nzima, kimya. Hakuna mpendwa, hakuna shida, hakuna mtu. Mimi nilikuwa napanda kila siku na kushuka, na kila nikipita chini ya miti ya plamsi naona maua yameshaanguka na vitunda vidogo vya kijani vimeshika matawi. Sijawahi kuichukia miti inayozaa vizuri kama mwaka ule. Nikifika nyumbani nakuta Abrahamu anatafuta jembe.

"Zungumza na mama yako," nikamwambia.

"Mama ni mama," akasema, akalipata jembe, akaondoka.

Wendy aliporudi alikuwa na habari. Vifuniko ni vyepesi; bosi anaweza kutengeneza vingine, sahihi, na kuvituma kwa ndege vikazikute chupa zikitoka bandarini. Lakini bosi anasema aliyekubali ni mwenyekiti, kwa hiyo anayekataa lazima awe mwenyekiti. Atoe video nyingine. Aonyeshe tatizo, aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba kifuniko hakifai. La sivyo, bosi anasema, huyu katibu anataka tu vifuniko vya bure.

"Nitengeneze video mimi," nikamwandikia.

"Hapana, mpendwa. Yule bibi."

Basi nikaenda kwa yule bibi. Nilisalimia, nikaulizia magoti yake, nikaulizia ng'ombe, nikamsifia maharage, na nilipoona kwamba hakuna kitu kingine duniani cha kuulizia, nikasema lililonileta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Unataka," akasema, "nimwambie mtoto wa watu kwamba zawadi yake mbaya?"

"Si zawadi, mama. Ni sampuli."

"Tuliilipia?"

"Hatukuilipia, ile walituletea bure ili..."

"Basi zawadi." Akachukua chupa niliyokuja nayo, ile ya jamu yangu ya majaribio, akaifuta kwa upindo wa kanga na kuirudisha kabatini juu ya kitambaa chake. "Hivyo vifuniko vitafaa. Ninyi mnafunga kwa haraka. Na nimeshawashukuru watu, halafu unataka niwatukane! Watasema mwenyekiti wa Mgwashi ni kigeugeu."

"Mama, plamsi zitaoza."

"Mungu yupo."

Mungu yupo, sikatai, lakini sijawahi kumsikia akifunga chupa. Hilo sikulisema. Nilisema, "Asante, mama," nikatoka, na njiani nikazungumza peke yangu kwa sauti mpaka mbwa wa jirani akanyamaza kunisikiliza. Nilimrudia mara tatu katika siku kumi. Mara zote nilipewa chai, mara zote nilishukuru, mara zote niliondoka mikono mitupu. Nilianza kumwota Wendy. Ananiuliza, mpendwa, bibi vipi?

Ijumaa moja mchungaji wetu, Sefania, alikuja kumtembelea mama mkwe, na nikaitwa kusaidia kuandaa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipeleka chai na mkate, na wakati narudi jikoni kuchukua siagi, mama alifungua kabati. Mgeni wa heshima hupewa kilicho cha heshima. Nilirudi nikakuta Mchungaji Sefania amekwisha kupewa kipande kinene cha mkate kilichopakwa jamu ya forosadi kutoka kwenye chupa ya Wendy, jamu iliyokuwa imekaa humo wiki mbili chini ya kifuniko cha karanga.

Nilisimama na siagi mkononi. Niliiona chupa. Juu ya jamu kulikuwa na povu, na povu lile lilikuwa linapumua. Harufu ya pombe ilinifikia mlangoni.

Mchungaji aliuma. Alitafuna mara moja, akasita, macho yakajaa machozi, akameza. Akamtazama mama mkwe wangu na kutabasamu.

"Nzuri sana, Mama. Mungu awabariki na kazi ya mikono yenu."

Akauma tena. Nilitaka kusema, lakini ni vipi umwambie mchungaji ateme? Mama alikuwa anamtazama. Alikuwa anamtazama anavyojikaza shingo ili kitu kishuke, na anavyotafuta kikombe cha chai kwa mkono bila kuondoa tabasamu. Kisha akaitazama chupa. Akainama, akanusa.

"Mchungaji, acha."

"Ni nzuri tu, Mama, nzuri kabisa."

"Si nzuri. Imeharibika."

"Hapana, ina ladha ya..."

"Nimesema acha!" Akamnyang'anya mkate. Mama mkwe wangu, Bibi Efrazia, alimnyang'anya mchungaji mkate mkononi, akauweka kwenye sinia, akaketi. Mchungaji alikunywa chai yote na ya mama pia.

"Ungeimaliza," mama akamwambia.

Mchungaji aliangalia viatu vyake. "Ningeimaliza, Mama."

"Halafu ungeniombea."

"Ndiyo, Mama."

Kesho yake mchana alituma mtu aniite. Nilimkuta uani, amevaa kanga yake mpya, ameshaweka meza kwenye jua. Juu ya meza alitandika kile kitambaa cheupe cha kufuma. Zuhura alikuwa jikoni, forosadi zinachemka.

"Mama, kitambaa kitaharibika," nikasema. "Tuweke gazeti."

"Kitambaa hiki nilikifuma mwaka nilioolewa. Kiache hapo. Washa simu."

Nikawasha. Alijiweka sawa, akaitazama kamera, akaanza na salamu ya Kishambaa. "Onga mshi, mwanangu Wendy. Habari za huko? Wazazi wako hawajambo? Na babu na bibi kama wapo? Na mvua?" Aliulizia mavuno. Aliulizia afya ya bosi na ya mke wa bosi. Nilikuwa nimeuma meno nyuma ya simu, chaji imebaki kidogo, na jamu inazidi kuiva. Alipomaliza ukoo mzima wa kiwanda, alimwita Zuhura, akashika sufuria, akamimina mwenyewe. Akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote. Akaigeuza chupa chini juu, akaisimamisha katikati ya kitambaa.

Kwanza ilitokea duara nyembamba, kisha duara ikapasuka upande mmoja, na forosadi ikaanza kuingia kwenye nyuzi, ua baada ya ua, mpaka ikafika kwenye pindo. Mama alikuwa anaitazama bila kupepesa macho.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "nilikushukuru kwa kuwa ulituletea kitu. Sikusema kinafaa. Kifuniko hiki hakifai. Mwambie bosi wako nimesema mimi, Efrazia, mwenyekiti, na sikutumwa na mtu." Akaunyoosha upindo wa kitambaa. "Na unisamehe."

Nikaizima simu. Zuhura alikuwa anajifuta macho kwa kiwiko, kwa mara ya pili katika maisha yangu. Nilipanda hadi kwenye mvinje na kuituma, pamoja na tafsiri yake neno kwa neno, hata ile ya mvua.

Wendy alichukua siku mbili. Nilihesabu kila saa. Kisha ikaja: "Bosi ameona mara mbili. Tunatengeneza vipya, vya moto, na vitakuja kwa ndege. Kwanza tunatuma sampuli." Na chini yake: "Mwambie bibi pole kwa kitambaa." Hapakuwa na mpendwa. Kwa mara ya kwanza nilimwamini.

Sampuli ya pili ilipofika, mama hakuruhusu mtu aimbe. Aliitia jamu ya moto ingali juu ya karatasi iliyofungiwa, akafunga kifuniko, akaketi mbele yake na mikono magotini. Tukasubiri. Ta! Akaitikia kwa kichwa. "Sasa," akasema, "imbeni."

Chupa zilifika mwanzoni mwa Desemba, na vifuniko siku nne baadaye, huku plamsi za kwanza zikiwa zimeanza kuanguka. Tulipika uani kwa mama kuanzia alfajiri, masufuria manne, wanawake wote. Kufikia mchana chupa zilikuwa zimepangwa kwenye mikeka kila upande, nyekundu, zinapoa, na kila baada ya muda moja inasema ta, nyingine inaitikia. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo, na mimi ni mwanakwaya.

Nilikuwa nimepika makande kwa ajili ya chakula cha mchana. Nilimpelekea mama sahani yake kwanza, kama kawaida, kwa kupiga goti. Alikula vijiko vitatu. Akaweka kijiko chini.

"Mama Alen."

"Abee, mama."

"Makande yako yana chumvi nyingi."

Wanawake waliokuwa karibu wakageuka. "Nisamehe, mama. Leo nilikuwa na haraka."

"Si leo," akasema. "Siku zote."

Miaka ishirini na sita. Kila Jumapili na kila sikukuu nilimpelekea makande, na kila mara alikula, akasema, "Asante, mwanangu, nimeshiba," nami nikarudi nyumbani najua kwamba katika kijiji hiki hakuna anayepika makande kunizidi. Nilikuwa nimeshawafundisha na wanawake wengine. Nilisimama pale na sinia, na nikamkumbuka Wendy na mikono yake miwili iliyokutanishwa, ofisini, akitazama video na wenzake kwa furaha.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa mgeni." Akaivuta sahani karibu, akachukua kijiko. "Nakwambia sasa kwa kuwa hata kesho nitakula kwako."

Akaendelea kula. Nyuma yangu chupa moja ikasema ta. Nilitafuta neno la kumjibu, na lililonijia ni lile la Wendy.

"Hakuna shida, mama," nikasema, nikaenda jikoni kuongeza maji kwenye sufuria ya makande.